Ulimi wa Mwonjaji

Aliitema! Katikati ya ukumbi wa maonyesho ya vinywaji, watu wamejaa hadi mlangoni, yule kaka mwenye shati jeupe la kitani alichukua glasi ya saida, pombe ya matufaha, akaisukutua mdomoni, akaitema kwenye ndoo.

"We kaka, una adabu kweli?" mwenye meza akafoka. Alikuwa amevaa gauni jekundu lililomshika vizuri, na tangu utotoni walimwita Kibonge. "Matufaha nimekamua kwa mikono hii, pombe nimeivundika mwenyewe, halafu unaitema?"

"Samahani, dada. Mimi ni mwonjaji wa kiwanda cha vinywaji. Nikimeza zote za humu, nitatoka nimebebwa." Akacheka. "Ya meza ile ni sukari tupu. Ya jirani yako kali, haina harufu. Yako inaanza na utamu, mwishoni inachachuka kidogo. Kama mwenyewe."

"Mh! Maneno hayo kawaambie wengine."

Lakini namba ya simu alimpa. Wenye midomo mikali ndivyo walivyo, mnisamehe.

Mapenzi yakakolea. Jioni walikaa kwenye gereji ya marehemu baba yake Kibonge, katikati ya mapipa, wakilinganisha saida hii na ile, wakitaniana na kubusiana. Kibonge hakujaza chupa hata moja kabla Mwonjaji hajasema, "Tayari, mpenzi."

Kisha Mwonjaji akaugua homa kali. Alipopona, pua na ulimi vilikuwa vimekufa. Kahawa, sabuni, kitunguu, vyote kwake maji tu. Kwa mtu wa kazi ile huo ni msiba, naye akaufanya siri. Kibonge alipomletea glasi kutoka pipa jipya, akasukutua, akatema, akasema, "Tayari, mpenzi."

Jamani, mwanamume huyu!

Chupa zikapelekwa kwa mwenye hoteli, mteja pekee aliyeiweka hai kazi ya Kibonge. Zikarudi zote, na mteja akaondoka moja kwa moja. Saida yote ilikuwa imegeuka siki.

"Uliniambia tayari!" Kibonge alilia kwenye simu.

"Laazizi, nisikilize..."

"Usiniite laazizi! Nani kakutuma uniangushe? Wale wa kiwandani kwako?"

Akakata. Alipigiwa tena na tena, hakupokea. Akakonda hadi jina likamkataa.

Siku moja ya mvua Mwonjaji akabisha hodi gerejini, amelowa chapachapa. Kibonge hakumkaribisha kiti. Alimimina glasi mbili, moja saida, moja siki.

"Onja. Halafu nitazame machoni, uniambie mbovu ni ipi."

Akaonja zote mbili. Akaziweka chini.

"Sijui," akasema. "Tangu ile homa, sijui kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa. Bila ulimi huu, mimi ni nani kwako?"

"Ulikuwa mtu wangu, mjinga wewe!" Machozi yakamtoka. "Ningekuuguza."

"Basi nikuoe. Tuanze upya."

Kibonge alitamani kusema ndiyo. Alimpenda bado, tena sana.

"Nimekusamehe, haki ya Mungu. Lakini kila ukiniambia kitu kiko sawa, nitabaki najiuliza. Siwezi kuishi hivyo."

"Basi nikumbatie tu, niende."

Akamkumbatia. Mwonjaji akaingiza pua shingoni mwake, akavuta pumzi kwa nguvu zote, apate japo harufu yake ya kwenda nayo. Hakupata kitu.