Kaseti ya Kanyiva

Ilianza na harufu ya ugoro. Pale mtaa wa Umoja, Nairobi, kwa Mulwa karani, hakuna mtu alikuwa ananusa ugoro. Mkewe Kalekye ni mtu wa kanisa kabisa, lakini kila akifungua kabati ya sufuria, ugoro unampiga pua.

"Baba Syombua, umeanza tabia gani uzeeni?"

"Mimi? Labda ni hizi vitu za chama."

Maana Mulwa na wenzake walikuwa na chama cha kuhifadhi mambo ya kale, yeye mwenyekiti. Wanakusanya vyungu, vigoda, picha za zamani, na kurekodi wazee wakiongea wasije wakafa na habari zao. Kazi nzuri, nani atakataa? Ndiyo wakaenda Mathare kwa Kanyiva, mama wa Kikamba aliyekuwa akipiga kilumi, ile ngoma ya kuita pepo. Kanyiva akapiga, akaita, jasho likamtoka, na kabla hajafika pale pa kumuaga pepo aende zake, kaseti ikafanya ka! Ikaisha.

"Inatosha, mama," akasema Teresiah, mwandishi wa chama.

"Inatosha nini? Huyu pepo wangu nitamuaga mwenyewe mkienda. Na huyo mmemfungia kwa mashine, ataagwa na nani?"

Wakacheka, wakamwachia sukari na majani ya chai. Hata msimu wa mvua haukuisha, Kanyiva akafa, akazikwa.

Mulwa naye kila mgeni akija anaweka hiyo kaseti, anajigamba. Msichana wake Syombua akaanza kugonga miguu chini ya meza akifanya homuwaki. Mama yake akamkemea. Halafu ikawa hata redio ikizimwa miguu haisimami, anaosha vyombo inagonga, anakula inagonga, hospitali wakampa vidonge, kanisa wakamwombea mpaka sauti zikakauka, na yeye anacheza tu mchana kutwa, nyayo zimepasuka, saruji ina damu, mwili umebaki kama kijiti, na akifungua mdomo ni harufu ya ugoro na sauti ya mzee inatoka: "Mmeniita. Mbona hamniongeleshi?"

Mulwa akamtafuta Nyamai, aliyekuwa akipiga ngoma na Kanyiva, akamleta nyumbani.

"Mmemwita mara ngapi?" Nyamai akanong'ona.

"Sijui, mzee. Kila mgeni."

"Uui! Mimi ni wa kupiga tu. Maneno ya kuaga yalikuwa ya Kanyiva, amelala nayo."

"Mtoto anaisha, mzee!"

"Naona. Sina maneno."

Kalekye akavua kitambaa cha kanisa, akapiga magoti mbele ya mtoto wake. "Piga, mzee. Nitamuaga na yangu."

Nyamai akapiga.

"Mgeni wetu," Kalekye akasema, machozi yanateremka, "tulikuita hatukukupa kiti. Hatukukupa hata maji. Ni ujinga, si dharau. Sasa jua linaenda, na kwenu ni mbali. Wacha nikusindikize." Akainuka, akanyoosha mkono kama amemshika mzee asiyeona vizuri, akatoka pole pole mpaka geti, akafungua, akangoja, akafunga.

Ndani Syombua akaanguka. Miguu kimya. "Mama," akasema, sauti yake mwenyewe, "nipe chai."

Mulwa alilia kama mtoto. Akavunjavunja kaseti, akaichoma kwa jiko. Nyamai akachukua ngoma yake, akaenda zake.

Syombua alikuwa amelala, chai hajamaliza, wakati Teresiah alipobisha mlango na kikapu chake, anacheka.

"Mwenyekiti! Ile kaseti ya Kanyiva nimeitoa kopi, kila mwanachama apate yake. Thuo wa Buruburu ameweka spika dirishani, majirani wamejaa!"

Mulwa akashika kichwa.

"Kwani kuna nini? Na nani ananusa ugoro hapa?"

Kalekye akageukia kitanda cha Syombua. Blanketi, upande wa miguu, ilikuwa imeanza kuinuka na kushuka, pole pole, kama mtu anayetafuta mdundo kwa mbali.