Mtu wa Pande Zozote

Asubuhi hiyo ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulifurika watu hata pa kutia mguu hapakuwa. Mtaalamu, kijana aliyeletwa kutengeneza programu ya picha za mionzi, alikuwa amepiga magoti akivuta waya katikati ya viatu vya wagonjwa. Binti wa koti jeupe na kilemba cha kijani akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta? Programu yenu inasafisha picha bapa tu. Nikiipa ya moyo unaodunda, inazimika!"

Moyo uliodunda zaidi ulikuwa wa Mtaalamu.

Aliiandika upya, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust, kisha akaenda chumba cha picha kumwonyesha.

"Sikuandika programu tatu, ya picha bapa, ya yenye kina na ya inayosogea. Hii ni moja tu, ya pande zozote. Anayeitumia ndiye aseme ni pande ngapi, mbili, tatu au nne."

"Kumbe mvivu!"

"Mvivu mwenye akili, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?" Lakini alicheka, na haikuchukua muda akawa wake kweli.

Tatizo ni kwamba tabia ya kazini ilimfuata kijana hadi kwenye mapenzi. Wakale wapi? "Popote, roho yangu." Avae gauni gani? "Lolote, yote yanakupendeza." Maskini, alidhani kumwachia mwenzake nafasi ndiko kumpenda. Siku binti alipopata kazi katika hospitali ya mji mwingine, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Niende, nisiende?"

"Vyovyote utakavyoamua. Mimi sawa tu."

Binti alimtazama, akachukua mkoba wake akaondoka. Tangu hapo simu hazikupokelewa, na kimya kingi kina mshindo.

Siku ya safari ya binti, Mtaalamu alikuwa ofisini akiunganisha programu yake na mashine mpya. Rust ikagoma. Alikuwa ameitumia programu ile ya pande zozote bila kusema mahali popote kuwa pande zenyewe ni ngapi, na maandishi mekundu kwenye skrini yalimtaka aseme. Aliyatazama mpaka aibu ikampanda usoni. Miezi yote hiyo mwenzake alikuwa akimuuliza, naye hajawahi kutamka anachokitaka.

Akapiga simu. Safari hii ikapokelewa.

"Unasemaje?" Sauti ilikuwa kavu.

"Sitaki tuachane. Kazi ni nzuri, nenda, nami nitakufuata; yangu naifanyia popote penye umeme. Nataka kukuoa wewe. Mwezi ujao."

Kikasikika kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Hebu rudia. Nimeweka spika, niko na mama."

Mtaalamu akarudia neno kwa neno, ofisi nzima ikisikiliza.

"Sasa wewe mkwe wangu," sauti ya mama ikaingia, "si ungesema mapema? Mtoto amelia mpaka mimi nikalia naye."