Kabla Ndege Haijashuka Adisi

Tuwan, Kitale. Jumamosi, saa kumi jioni.

Ngige alifunga mlango wa chumba cha nyuma.

"Kesho Wakhungu anaruka Nairobi kwenda Guangzhou kuleta simu. Kilomita karibu elfu tisa. Masaa kumi na moja hewani, simu yake imezimwa. Na kamera za stoo yake Bungoma yeye huziangalia kwa hiyo simu. Mmenipata?"

Rotich, dereva, akacheka. "Si tutapakia na tupike ugali, bana!"

Chepngeno hakucheka. Miaka mitatu aliuza chai kwa lango la stoo hiyo. Alijua Wakhungu hubadilisha ndege Adisi Ababa, masaa mawili tu kutoka Nairobi. Akishuka, humpigia Bethwel, mlinzi. Mzee huyo ndiye alimnunulia birika jipya lake lilipoibwa.

"Bethwel asiguswe," akasema.

"Haki ya mama, mpenzi," Ngige akaapa. "Kamba tu."

Akaificha Adisi chini ya ulimi. Mzee akifungwa vizuri, yeye angewaambia wenzake watoke mapema. Akiguswa, watajionea.

Bungoma. Jumapili, saa nne na nusu asubuhi.

Ndege ilikuwa imeruka saa nne. Maspika ya kanisa jirani yalimeza kelele ya grinda ikikata chuma. Kufuli likaanguka. Wote watatu walikuwa wamefunika nyuso. Rotich akamlaza Bethwel sakafuni, Ngige akatoa kamba. Mzee akainua shingo, akaangalia viatu vya yule mwanamke.

"Chepngeno? Mwanangu, ni wewe?"

Ngige akatupa kamba, akaokota nondo.

"Uliapa!"

"Ametaja jina."

Pigo la kwanza lilipasua kichwa. Akapiga tena, na tena, mpaka miguu ya mzee ikaacha kurusha mateke. Damu ikatambaa kuelekea katoni.

"Songesha hizo, zisilowe." Ngige akavua kofia ya uso, akajipangusa jasho. "Na tusikimbizane. Jamaa ako juu ya bahari."

Chepngeno akasongesha katoni. Adisi akaiacha chini ya ulimi.

Saa sita na dakika tano.

Pikapu ilikuwa karibu kujaa. Mfuko wa Bethwel ukalia.

Chepngeno akapiga magoti kwenye damu, akatoa simu, akaweka spika.

"Bethwer! Ni nani amefungua mrango? Naona watu kwa kamera!" Sauti iligeuza kila l kuwa r.

"Wakhungu?" Rotich akaangusha katoni. "Si ako hewani?"

"Ameshuka Adisi," Chepngeno akasema. "Hushuka kila safari."

Ngige akamgeukia polepole. "Ulijua."

"Tajiri," Chepngeno akaiambia simu, "Bethwel ameuawa. Pikapu iko mlango wa nyuma, inaenda Kitale. Ita polisi."

Ngige akachomoa bastola. Risasi ikamwingia Chepngeno tumboni. Akaketi kando ya mzee, simu bado mkononi. Huko nyuma pikapu ikanguruma. Rotich hakumngoja mtu.

Ngige akabaki katikati ya stoo na bastola, uso wazi.

"Wewe mwenye bunduki," simu ikasema. "Angaria juu kidogo. Nikuone vizuri."

Ngige akaangalia juu.