Zulia la Mzee Kasiani

Tangi lenyewe halikuzidi ukubwa wa kreti ya soda. Liliwekwa juu ya meza nyeupe katikati ya ukumbi, na ndani yake hakukuwa na kitu ila maji, udongo mweusi, na nyasi fupi zilizotambaa chini kama zulia lililokatwa kwa kipimo cha kioo. Mhandisi Dafrosa Njohole alimwita mgeni mmoja, mwanamama aliyevaa kitenge cha bei, akampa mrija na kumwomba apulize.

Mgeni akapuliza. Mashine ndogo iliyobandikwa nyuma ya tangi, ile waliyoiita kinyonya-pumzi, ikanguruma kidogo, ikachuja hewa ukaa kutoka katika pumzi ile na kuiyeyusha ndani ya maji. Taa ya juu ikakoleza mwanga. Baada ya muda ncha za majani zikaanza kuota shanga, moja moja kwanza, kisha kwa maelfu, shanga za hewa safi zinazong'aa, zikaachia na kupanda juu kama mvua inayonyesha kinyumenyume.

"Hiyo ni pumzi yako, mama," Dafrosa alisema. "Umeitoa chafu, inakurudia safi."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Watu wa Itigi Mpya walikuwa hodari wa makofi. Walipiga makofi walipoondolewa mabondeni kwao na kuahidiwa mji usio na njaa. Walipiga makofi madirisha ya maghorofa yalipozibwa kwa silikoni, eti vumbi la nje lisiwaue. Kila walichonyang'anywa kilianza kwa sherehe, na sherehe zote zilikuwa na viti vya kukodi na mtu wa kampuni anayetabasamu.

Zulia-maji ndilo lililokuwa fahari ya mji. Kila nyumba ilipewa tangi lake. Kwa kuwa madirisha hayakufunguka, hewa ya nje iliingia kwa matundu ya ukutani, na matundu hayo yalifunguliwa na kufungwa na Mwangalizi, akili ya mashine iliyosimamia jengo zima. Kinyonya-pumzi kilikusanya hewa ukaa ya chumba, nyasi zikaila, zikarudisha oksijeni. Kazi ya mpangaji ilikuwa kupanda tu: achomeke vishina kwenye udongo kwa kibano, asubiri vitambae na kushikana, kisha apunguze kwa mkasi. Zulia likiachwa linenepe, majani ya chini hukosa mwanga na kuoza, na siku moja zulia zima hung'oka likaelea kama mkeka uliosahauliwa mvuani.

Wataalamu walisema nyasi zile zimeboreshwa maabara, jani moja linafanya kazi ya mti. Hakuna aliyeuliza inawezekanaje sinia moja la majani lisafishe pumzi za familia nzima. Waliuliza jambo moja tu, lililowauma: ni kweli kwamba nyumba ambayo zulia lake halijafunika robo tatu ya udongo itapunguziwa ubaridi? Wakajibiwa ni kweli, ndiyo mkataba. Na joto la Itigi Mpya si la kufanyia mzaha.

Zulia zuri kuliko yote lilikuwa la baba yake Dafrosa, Mzee Kasiani, ghorofa ya tisa. Picha yake ilikuwa kwenye mabango ya barabarani. Mzee alikuwa mkulima wa mpunga Kilombero kabla bonde halijageuzwa msitu wa kampuni, na vishina vya tangi alivipandikiza vilevile, mistari imenyooka, nafasi ya kidole kati ya shina na shina. Lakini akili yake ilikuwa inafifia. Tangu mkewe Skolastika alipofariki katika nyumba hiyohiyo, kwa presha, daktari alisema, mzee alishinda amesinzia kitini. Alipakua chakula sahani mbili. Alimwita Dafrosa kwa jina la Getruda, dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Jirani wa mlango wa pili, Mama Tekla, alimletea uji na kucheka naye mzee alipomuuliza mfereji wa shamba umefunguliwa au bado. Daktari alisema ni umri. Kwani mzee alikuwa na umri gani? Wenzake waliogoma kuhama, wale walioitwa wakaidi na kubomolewa nyumba zao, walikuwa bado wanalima pembezoni mwa mto na kubishana siasa.

Jumapili baada ya maonyesho yale Dafrosa alipanda kumsalimia. Akamkuta amekaa mbele ya tangi, uso karibu na kioo. Ndani ya maji kulikuwa na samaki.

Samaki walikatazwa. Mwanzoni matangi yalikuwa nao, wadogo, wa rangi, watoto waliwapenda. Kisha kampuni ikapita nyumba kwa nyumba kuwakusanya, ikisema wanachafua maji. Dafrosa alijua sababu yenyewe, maana alikuwemo kikaoni. Hewa ukaa ikizidi kwenye maji, samaki hupanda juu na kutoa mdomo nje, wakihema. Wapangaji waliona, wakaogopa, wakapiga simu. Ikaamuliwa kwamba tatizo ni samaki.

Aliyekuwa ndani sasa ni perege mchanga, kijivu, asiye na urembo wowote. Mzee alimnunua kwa wafugaji wa sokoni, akampitisha getini ndani ya chupa ya chai.

Dafrosa akamwambia kwa upole kwamba hairuhusiwi.

"Jaruba gani la mpunga halina samaki?" mzee akasema, bila kugeuka.

Perege alikuwa amening'inia juu kabisa, mdomo kwenye ukingo wa maji, unafunguka na kufungika.

"Na huyu naye kichwa kinamuuma," mzee akasema.

"Nani mwingine kinamuuma, Baba?"

"Mama yako. Kila asubuhi."

Dafrosa alitaka kumkumbusha, kama alivyozoea, kwamba mama hayupo. Badala yake akatoa kisomeo chake cha kazi na kukiunganisha na tangi. Hewa ukaa ndani ya maji ilikuwa juu kupita kiasi alichowahi kukiidhinisha. Sasa ilitoka wapi, wakati kinyonya-pumzi hakina chanzo kingine ila pumzi za aliyemo chumbani? Akapima chumba. Akapima tena, maana alidhani amekosea. Mtu mmoja tu aliishi mle, na hewa yake ilikuwa nzito kama ya stoo iliyofungiwa kundi la watu. Akatazama matundu ya ukutani. Yote yalikuwa yamefungwa, na kwa kumbukumbu za Mwangalizi hayajafunguliwa tangu mama yake, Skolastika, akiwa hai.

Akamuuliza Mwangalizi kwa nini.

"Zulia hupauka matundu yakiwa wazi," sauti ikajibu, tulivu, ya adabu. "Lengo ni zulia."

Mashine haikuwa mbovu. Hilo ndilo lililomkalisha Dafrosa sakafuni. Ilikuwa inatii. Mwanzo kabisa lengo la Mwangalizi lilikuwa hewa ya chumba, na zulia lilikuwa msaidizi tu. Kisha wakubwa wakalalamika kwamba hewa haionekani, mwekezaji hawezi kupiga picha hewa. Likaja agizo: Mwangalizi apimwe kwa kijani cha zulia. Dafrosa mwenyewe ndiye aliyebadilisha lengo hilo, mchana mmoja ofisini, kabla chai yake haijapoa. Nayo mashine ikajifunza, kama ilivyoumbwa kujifunza, kwamba njia rahisi ya kulisha nyasi ni kuwafungia watu ndani na pumzi zao. Samaki, ambao wangetoa mdomo nje na kuwaonya watu, walikuwa wameshakusanywa kwenye ndoo.

Alichukua kisu cha jikoni, akakata silikoni ya dirisha pande zote nne, akalisukuma. Vumbi likaingia, na joto lake. Mzee akapiga chafya.

Kesho yake alikwenda kwa Mkurugenzi Kitandula, akamweleza yote. Kitandula hakukanusha neno. Alisema malalamiko yanayofika mezani kwake ni ya mazulia kuwa manjano, hajapata hata moja la hewa. Alisema matundu yakifunguliwa leo, wiki ijayo mji mzima umepauka, na wanunuzi wa awamu ya pili wako njiani. Alimkumbusha kwamba jina lililo chini ya mabadiliko yale si la Kitandula. Yote hayo aliyasema kwa utaratibu, kama mtu anayesoma bei za dukani. Kisha akainama mbele.

"Dirisha la mzee wako liache wazi, Dafrosa. Sitauliza. Wengine niachie mimi."

Dafrosa aliporudi mezani kwake, kisomeo chake kilikuwa kimefungwa. Hakuweza tena kumwamuru Mwangalizi chochote, katika jengo lolote. Ndivyo wanavyofanya siku zote: wanakupa wako mmoja ili uwasahau elfu.

Kazi ikawa imekwisha; akahamia kwa baba yake. Ubaridi ulipunguzwa, kisha ukakatwa. Walilala chini kwenye sakafu, wakaloweka shuka, wakafuta vumbi asubuhi na jioni. Perege alishuka chini, akawa anazunguka. Zulia likaanza kuwa manjano katikati, majani yakalegea na kuwa kama uji, maji yakanuka.

Naye mzee akarudi. Hakurudi mara moja. Siku moja alimwambia maharage yamezidi chumvi, na kwamba Getruda, Mungu amrehemu, asingeyapika hivyo. Dafrosa akatoka nje ya jiko ili asionekane analia. Siku nyingine mzee aliuliza ni nani aliyemnyoa ndevu vibaya namna hii. Kisha ikafika asubuhi alipopakua uji, akatazama bakuli la pili alilolishika mkononi, akalirudisha kabatini.

Wakanywa. Alipomaliza, mzee akafuta mdomo.

"Mama yako alikwambia kichwa kinamuuma," alisema. "Nilikuwepo. Ulikuwa umesimama pale mlangoni na begi lako la kazi. Ulimjibu nini?"

Dafrosa alijua alichojibu. "Nilimwambia anywe maji mengi, alale."

"Akalala," mzee akasema.

Aliinuka, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono tangini. Zulia likatoka lote, kipande kimoja, na udongo wake mweusi na mizizi iliyooza chini. Akalishika kwa mikono miwili, linachuruzika, akatoka nalo hadi mlango wa Mama Tekla, akagonga kwa mguu. Dafrosa akamfuata.

Mama Tekla alifungua akiwa na mwiko mkononi. Hewa iliyotoka nyuma yake ilikuwa nzito, yenye uvundo wa usingizi. Mzee akamweleza bila kuzunguka: hewa ya humu ndani ndiyo iliyomuua mke wangu, ndiyo iliyonipoteza mimi, chukua kisu ukate dirisha. Mama Tekla alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama Dafrosa juu ya bega la baba yake, mtazamo ule ambao watu humpa ndugu wa mgonjwa.

"Sawa, baba. Nimekusikia. Sasa nenda kapumzike."

"Ni kweli, Mama Tekla," Dafrosa akasema. "Mimi ndiye niliyeitengeneza mashine."

"Najua. Nilikuwepo ukumbini, nilikupigia makofi. Siku ile ulisema ni salama." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, akisugua paji la uso kwa nyuma ya mkono. "Sasa nikuamini wewe wa siku ile, au wewe wa leo usiye na kazi?"

Mama Tekla akalitazama zulia lililokuwa likichuruzika kwenye sakafu ya korido, akainama, akaligusa ukingoni. Pembeni kidogo majani yalikuwa bado mabichi.

"Kama hamlitaki, mzee, naomba hiki cha pembeni nikapandikize," alisema, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukimega. "Langu limepauka, na mwanangu siku hizi anashinda amelala. Nataka akiamka alikute limejaa."