Samaki wa Clotilda

Mwezi wa nane mwaka 1975 nilikuwa nikizunguka na karatasi za mtihani wa elimu ya watu wazima. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Siku hiyo niliondoka Izigo alasiri kwa baiskeli, nikiwa na bahasha moja tu iliyobaki. Ilikuwa ya mwalimu Ndyamukama, ambaye kijiji chake kipya cha ujamaa kilikuwa juu, kando ya barabara.

Ningeweza kufuata barabara. Nikakatisha chini, kupitia mwalo wa Nyakahama, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya mke wangu.

Jovita alifariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa kifua. Binti yetu, mwenye miaka sita, alikuwa akilelewa na bibi yake Rwamishenye, na mimi nilikuwa njiani wiki nzima. Nilikula kwenye nyumba za wageni, kwenye madarasa matupu, hata juu ya jiwe kando ya shamba la kahawa. Nilikula haraka, bila kuinua macho.

Mwaka 1970 mimi na Jovita tuliwahi kula pale mwaloni, tukitoka kusalimia kwao. Hoteli ilikuwa ya mama mmoja, Clotilda, chumba cha miti na udongo kilichoezekwa kwa nyasi. Alitupa sato wa mchuzi wa nyanya na ndizi za moto. Jovita alikula mpaka akalegeza kanga yake, akacheka. Tangu tumzike, nilikuwa nikimtamani yule samaki kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Jua lilikuwa limegusa maji nilipofika. Mwalo ulikuwa kimya. Hapakuwa na nyavu zilizoanikwa, wala mbwa. Lakini moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la Clotilda, na harufu ya samaki wa kukaanga ilinifikia mpaka njiani.

Nikaegemeza baiskeli, nikainama mlangoni.

Ndani palikuwa na watu wanane au tisa, wamebanana kwenye mabenchi, wanakula. Niliwasalimia kwa Kihaya, kwa heshima zote. Hakuna aliyeitika. Nilisikia tu miiba ikinyonywa.

Clotilda alitoka jikoni. Hakuwa amezeeka hata kidogo.

"Safari ile mlikuwa wawili," alisema.

Mtu asiyewahi kufiwa hatanielewa. Kukumbukwa hivyo, na mtu niliyemwona mara moja tu, kulinifanya niketi kabla sijakaribishwa. Nikamwambia mwenzangu alikufa. Akatikisa kichwa taratibu, akanimiminia maji ya kunawa.

Yalikuwa baridi, na yalinuka tope.

Akaniletea sahani ya bati. Sato mzima, mchuzi mwekundu, ndizi, na mvuke unapanda. Nikamega.

Hakuna kitu.

Siyo kwamba alikuwa mbaya. Hakuwa na ladha yoyote, na mvuke ule haukuwa na joto. Ilikuwa kama kutafuna pamba iliyolowa. Nikaomba chumvi. Akaniletea, nikanyunyiza, kisha nikalamba punje kwenye kidole. Nayo haikuwa na ladha.

Nilihuzunika kuliko inavyostahili kwa sahani ya chakula. Nilikuwa nimebeba hamu ile kwa miezi mingi, na sasa hata hiyo ilikuwa imenifia mdomoni. Kando yangu watu walikuwa wakilamba vidole, wakivunja vichwa vya samaki na kunyonya. Kwao samaki alikuwa mtamu. Nikajiuliza kama ninaumwa.

Clotilda akainama begani kwangu.

"Bado?"

"Bado nini, mama?"

"Haijakukolea bado," alinong'ona. "Endelea."

Kwa adabu tu, nikaendelea. Tonge la tatu likaja na chumvi kidogo, mbali sana, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo. Tonge la nne likaja na nyanya. La tano...

La tano lilikuwa lile lile la mwaka 1970.

Nilifumba macho. Uzito niliokuwa nao kifuani tangu mazishi ukaanza kutoka. Nilisahau bahasha ya mtihani. Nilisahau kwamba kulikuwa na mlima wa kupanda kabla giza halijaingia. Nilikula, na kila tonge liliondoka na kitu, nami nilishukuru.

Clotilda akaweka sahani ya pili mbele yangu, upande mwingine wa meza. Imejaa.

"Hii ya nani?"

"Ya mwenzako. Ananawa huko nyuma."

Nyuma ya ukuta nikasikia maji yakimiminwa kutoka kwenye kibuyu, taratibu, juu ya mikono ya mtu.

Kisha akakohoa.

Kikohozi kifupi, kavu, mara mbili. Nilikisikia kila usiku kwa mwaka mzima. Siwezi kukifananisha na cha mtu mwingine.

Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilivuta sahani yangu nimwachie nafasi mezani.

Mzee aliyekaa kushoto kwangu ndiye aliyesema. Alikuwa mvuvi, shati lake limemgandia mwilini kama lililolowa. Hakuinua kichwa.

"Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kike."

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

Nilimwona mtoto. Nilimwona amekaa mlangoni kwa bibi yake, nguo ya bluu, jino la mbele limetoka. Nikalitafuta jina lake, na mahali lilipokuwa palikuwa peupe.

"Mimi nilikuwa nao watatu," mzee alinong'ona. "Sina jina hata moja. Inuka, waitu, ndugu yangu. Inuka kabla hajaketi."

Nikasimama. Benchi likalia. Wale wengine wote wakaacha kutafuna kwa pamoja.

Clotilda hakunizuia. Alisimama mlango wa jikoni, mikono kwenye kanga, akaniuliza swali moja kwa upole.

"Utamwacha ale peke yake?"

Maji nyuma ya ukuta yalikuwa yamekoma. Nikasikia nyayo zilizolowa zikizunguka nyumba, zikija upande wa mlango.

Nikatoka.

Sikuchukua baiskeli. Nilipanda mlima ule kwa miguu na mikono, nikishika nyasi. Nyuma yangu nilisikia tena kikohozi, mara mbili, pale pale mlangoni. Hakikunifuata.

Sikugeuka.

Mwalimu Ndyamukama alinikuta nimepiga magoti nje ya nyumba yake nikitapika. Nilitapika maji ya ziwa, majani mabichi na makombe madogo ya konokono. Mkewe alinipa uji wenye chumvi. Nilipoisikia chumvi ulimini, jina likarudi. Felicitas. Nililitaja mpaka wakadhani nimechanganyikiwa.

Ndyamukama aliniambia kwamba mwalo ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa pili, watu wote wakahamishiwa kijijini. Clotilda peke yake alikataa, akisema ana wageni wa kulisha. Miaka minne kabla ya hapo mtumbwi uliotoka kisiwa cha Goziba ulikuwa umezama na mumewe pamoja na abiria wengine, na tangu hapo kila jioni aliwasha jiko na kupanga sahani. Wengine walisema ni mchawi, ndiye aliyewachukua wale watu na anawaweka. Wengine walisema ni mjane tu aliyezidiwa. Siku walipokuja kuezua nyumba yake, alitembea mpaka ziwani na hakurudi.

"Wewe unasemaje?" nilimuuliza.

"Mimi huwa sipiti huko chini," alijibu.

Asubuhi alikubali kunisindikiza. Tulikuta nguzo nne, hazina paa. Majani yalikuwa yameota katikati ya mafiga. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea nguzo mojawapo. Chini, kwenye udongo, zilikuwepo sahani mbili za bati zikitazamana.

Moja ilikuwa na samaki aliyeliwa nusu.

Ya pili ilikuwa imeliwa yote. Miiba imepangwa ukingoni, na kichwa kimewekwa pembeni, kizima. Jovita hakuwahi kula kichwa cha samaki.

Ndyamukama alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilichuchumaa pale muda mrefu, mpaka akanishika mkono.

Padri niliyemsimulia aliniambia kwamba hakuwa Jovita, kwamba pepo hujua kuiga tunaowapenda. Sikumuuliza amejuaje. Mama mkwe sikumwambia kabisa. Felicitas sasa ana watoto wake, na hufurahi nikiwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kila ninapowatembelea.

Wanaosikia habari hii huniambia nilifanya vizuri kukimbia. Huenda. Kama yule hakuwa mke wangu, niliokoka.

Kama alikuwa yeye, basi alimaliza kunawa, akaingia, akakuta nafasi yangu tupu.

Na akala.