Programu Iliyolala Wakati wa Tangazo

Kila siku akirudi kutoka shule, Nihal alivua sare, akafunga kitambaa kichwani na kushuka kwenye tanuri la baba yake. Tanuri lilikuwa chini ya nyumba yao, katika mtaa mwembamba wa mji wa Tanta. Kazi yake ilikuwa kupanga mikate iliyopoa kwenye tenga, na kuwajibu wateja kwa adabu hata walipoibonyeza mikate yote kabla ya kuchagua mmoja.

Siku kumi za mwisho za Ramadhani kazi ilibadilika. Wanawake wa mtaa walikanda unga wa kahk, vile vibiskuti vya sikukuu, wakavipanga kwenye trei nyumbani kwao, kisha wakazileta trei kwa Fundi Bahgat, baba yake Nihal, aziingize motoni. Mwaka uliopita wote walikuja asubuhi moja. Trei zilichanganyika. Mama Zizi alibeba za Mama Hani, akawakaribisha wageni wake, halafu akautangazia mtaa kwamba zilipungua siagi. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusalimiana.

"Mwaka huu ikitokea fujo siku moja tu, siwaokei tena," alisema Fundi Bahgat. "Waende wakanunue dukani."

Nihal alijua kuwa zile siku kumi ndizo zilizomlipia ada ya shule.

Ndipo alipotengeneza programu yake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na katika klabu ya kompyuta alikuwa amejifunza kuandika programu ndogo za mtandaoni. Hii aliiita Zamu. Mtu aliifungua kwenye simu, akaandika jina na idadi ya trei zake, akabonyeza kitufe, akapewa namba ya kuoka kesho asubuhi. Mwalimu Inas wa klabu hiyo, aliyekuwa pia jirani yao, aliipenda sana.

"Lakini sasa inaishi ndani ya kompyuta ya shule," alisema. "Mlinzi akizima umeme jioni, nayo imekwisha. Itafutie nyumba ya kupanga, kwa kampuni yenye kompyuta zisizozimwa. Na kabla ya kupanga, jiulize: wageni wangapi watakuja, na watakuja saa ngapi?"

"Sawa, Mwalimu," alijibu Nihal, huku akiwazia rangi ya kitufe.

Fundi Bahgat akampa paundi mia nne. Nihal akakaa kitandani na simu, akatazama vifurushi vya kampuni moja. Kifurushi cha Dhahabu kiliahidi kupokea wageni laki moja kwa siku, na mtaa wao ulikuwa na nyumba arobaini. Cha kati kilikuwa paundi mia mbili kwa mwezi. Chini kabisa, kwa rangi ya kijani, palikuwa na neno tamu kuliko kahk: BURE. Chini ya neno hilo palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Nihal hakutaka kuwasumbua sisimizi.

Paundi mia nne zikaingia ndani ya foronya ya mto. Alikuwa ameona viatu vyekundu vya sikukuu sokoni.

"Umeshapata nyumba ya programu yako?" baba yake aliuliza.

"Nimeshapanga, Baba."

Huo haukuwa uongo, alijiambia. Wala haukuwa ukweli wote. Siku hiyo aliijaribu programu labda mara thelathini, na kila mara ilifunguka upesi. Akawatumia wanawake wote wa mtaa anwani ya programu.

Kesho yake, mchana kutwa, hakuna aliyeigusa. Watu walikuwa wamefunga, na waliokuwa jikoni walikuwa na unga mpaka viwikoni. Baada ya kufuturu mtaa mzima ukakaa kuangalia tamthilia. Ilikuwa ni ile ya mjane tajiri na mawifi zake watatu, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeshika simu wakati mawifi wanazungumza. Kisha likaja tangazo la samli. Katika nyumba arobaini, mikono arobaini ikashika simu kwa pamoja.

"Nihal, mbona yangu nyeupe kama unga?" aliuliza Bibi Insaf, mama yake Fundi Bahgat.

"Subiri kidogo, Bibi."

"Nisubiri nini? Tangazo linaisha!"

Ukurasa ukafunguka baada ya karibu dakika nzima. Bibi akaandika jina lake, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, na tena.

"Bibi, usibonyeze hivyo!"

"Nimebisha hodi, hawajafungua. Unataka nirudi nyumbani?" Mara muziki wa tamthilia ukarudi, na Bibi akaitupa simu kwenye kochi. "Nyamaza sasa. Wifi mkubwa anaingia."

Asubuhi, nje ya tanuri, palikuwa kama mnadani.

"Mimi ni wa kwanza mpaka wa tisa," alisema Mama Zizi, akionyesha simu yake. "Imeandikwa hapa."

"Zamu tisa kwa trei mbili?" Mama Hani alimuuliza, kwa hasira mpaka akasahau kwamba hawasemeshani. "Unaoka kahk au unafungua kiwanda? Mimi nimekosa hata namba moja!"

"Mimi nimepewa zamu ya sifuri," alisema Mwalimu Inas kwa upole, trei ikiwa kichwani. "Sijui nimetangulia au sipo kabisa."

Wote wakamgeukia Nihal. Masikio yake yakawaka moto.

"Ni... ni mtandao wa mtaa," alisema. "Jana usiku ulikuwa mbovu."

"Mbovu wapi!" alisema Mama Hani. "Muda huohuo nilikuwa naongea na dada yangu aliye Kuwait kwa video, nikamwona mpaka jino lake jipya!"

Fundi Bahgat alichukua kipande cha boksi, akachovya kidole kwenye masizi ya tanuri, akaanza kuandika polepole: HATUOKI KA...

"Baba, usimalize!" Nihal alilia. "Si mtandao. Ni mimi. Nilichukua nyumba ya bure, na pesa zako nimezificha ndani ya mto. Nilitaka viatu. Wala sikusoma yale maandishi madogo."

Kidole cha Fundi Bahgat kikabaki hewani. Mwalimu Inas akashusha trei, akaiomba simu, akasoma wale sisimizi wote.

"Wamesema hapa," alisema. "Programu ya bure isipofunguliwa kwa robo saa, hulala. Kuamka huchukua dakika nzima. Halafu haimudu watu zaidi ya watano kwa mpigo."

"Kumbe ilikuwa imelala!" Bibi Insaf alishangaa. "Na mimi naigongea mlango kama mwendawazimu."

Fundi Bahgat akakiweka chini kile kipande cha boksi. "Shika chaki," alimwambia binti yake. "Mpitie kila mmoja. Mwambie ulichoniambia mimi, umwombe radhi, kisha uandike namba kwenye trei yake."

Ilikuwa foleni ndefu kuliko zote alizowahi kupita. Kwa mtu wa kumi sauti yake haikutetemeka tena. Mama Zizi alirudisha zamu nane bila kuombwa, akabaki na moja. Hakuna trei iliyopotea.

Mchana Bibi Insaf alimwita. "Lete simu. Sijawahi kupanga nyumba bila kumwona mwenye nyumba."

Kampuni ilikuwa na mhudumu aliyejibu maswali kwa maandishi, jina lake Wael. Bibi alisema, Nihal akaandika.

"Mwambie: salamu aleikum mwanangu, mama yako hajambo?"

Jibu likaja: "Aleikum salamu. Mama hajambo, ahsante. Niwasaidie nini?"

"Huyu kalelewa. Muulize, ile nyumba yake ya paundi mia mbili inalala?"

"Hailali, Bibi. Iko macho usiku na mchana."

"Watu arobaini wakiingia pamoja, wakati wa tangazo?"

"Tangazo la samli au la sabuni? La samli ni refu." Baadaye kidogo akaongeza: "Itawamudu, hata kwenye la sabuni, lililo fupi."

"Mwezi huu mia mbili. Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao ni mia tano. Hiyo ya sasa ni bei ya kuanzia."

"Nilijua!" Bibi alipiga paja. "Tukitaka mwezi mmoja tu, tunaondoka bila faini?"

"Mkighairi kabla mwezi haujaisha, hamdaiwi kitu."

"Basi niambie bei ya mwisho."

"Bibi, bei inapangwa na kompyuta."

"Na hiyo kompyuta haina huruma?"

Haikuwa nayo. Bibi alishindwa kupunguza hata paundi moja, jambo lililomuuma mpaka sikukuu. Nihal alilipa mia mbili, mia mbili zilizobaki akamrudishia baba yake mkononi, na tarehe ya kughairi akaizungushia duara kwenye kalenda. Kisha akaenda kwa Mwalimu Inas, wakairekebisha programu ili kitufe kijifunge mtu akishakibonyeza mara moja.

Jioni, mjane na mawifi zake wakaanza. Nihal hakusikia hata neno. Likaja tangazo. Akashika mkono wa baba yake.

"Nimepata! Wa saba!" Bibi alipiga kelele.

"Wa kumi na mbili!" ikajibu sauti kutoka dirisha la ng'ambo.

"Wa tatu mimi! Zamu moja tu, jamani, msije mkanisema!" Huyo alikuwa Mama Zizi.

Namba zikaruka kutoka dirisha hadi dirisha, watu wakicheka, mpaka tamthilia ikarudi na kwa mara ya kwanza hakuna aliyewasikiliza mawifi.

Fundi Bahgat alimvuta Nihal karibu yake.

"Kile kifurushi cha bure hakikukudanganya, mwanangu. Kiliandika kwamba hulala, wewe hukusoma. Cha dhahabu nacho kingekula pesa zetu kwa kupokea wageni tusio nao. Kilichotufaa tumekipata Bibi yako alipouliza nani anakuja, saa ngapi, na mwezi ujao itakuwaje. Uliza hivyo kabla hujachagua kitu chochote. Na ukikosea, kosa si aibu. Njoo uniambie wakati trei bado iko mlangoni. Ikishaingia motoni, hata mimi fundi siwezi kuukanda unga wake upya."