Nani Kala Breki za Merrin?

Kituo cha mafuta kilicho chini ya mlima wa mji wa Toowoomba kilikuwa kimefurika malori na watoto wenye aiskrimu, Merrin Tuohy alipoingia na pikapu inayofuka moshi. Nyuma alivuta trela yenye farasi mnene aitwaye Petronela. Mwenyewe alivaa shati la maua, kofia pana na buti za matope.

"Dada, unaendesha au unachoma nyama?"

Aligeuka. Kijana mrefu, ovaroli la bluu, pai mkononi, macho ya uchokozi.

"Kama si fundi, kula pai yako unyamaze."

"Ni fundi. Angus Petrie." Akachuchumaa, akachungulia gurudumu. "Pedi za breki zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Hukusikia breki zikilia?"

"Nilisikia. Nikaongeza redio."

Angus alicheka hadi pai ikamwanguka. Gereji yake ilikuwa jirani. Akamfungia pedi mpya, na Merrin akaondoka na namba yake. Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, malkia wa moshi?"

"Nimekula, mzee wa grisi. Wewe umeoga?"

Wakaenda dansi, Merrin katika gauni la kijani, Angus akinukia sabuni na dizeli.

Mwezi haukuisha, pedi zikaisha tena. Angus akazitazama, akaropoka la kwanza lililomjia.

"Mpenzi, mguu wako mzito. Unakanyaga breki kama unaua nyoka."

Grant, mchumba wa zamani wa Merrin, alimwimbia hayohayo kila safari, mpaka akawa anatetemeka akishika usukani.

"Funga magurudumu yangu," akasema. "Kisha futa namba yangu."

Wiki nzima hakupokea simu. Angus hakupata raha. Pedi zote, za mbele na nyuma, zilikuwa zimeungua, kana kwamba gari lilizuia uzito usio wake. Na trela hakuwahi hata kuigusa! Jumapili akaenda shambani kwa Merrin, shati limepigwa pasi, jeki mkononi.

"Nimekuja kuiona trela, si wewe," akasema harakaharaka.

"Afadhali. Mimi sionekani."

Akainua trela, akazungusha gurudumu, akamwomba Merrin akanyage breki ndani ya pikapu. Gurudumu likaendelea kuzunguka kama pia. Angus akafuata waya wa breki za trela, unaotoka kwenye pikapu: umetafunwa, na alama za meno makubwa ziko palepale. Petronela, aliyezoea kufungwa hapo, alikuwa akiwatazama kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

"Trela haifungi breki kabisa. Pikapu imekuwa ikijizuia yenyewe, trela, na huyu bibi mnene. Mguu wako hauna kosa, Merrin. Kosa ni la mdomo wangu."

"Na wa farasi."

"Wa farasi ulikula waya tu. Wangu ulikuumiza."

Merrin akafuta macho kwa mkono wa shati. "Rudia. Majirani wasikie."

Angus akapanda juu ya trela, akapaza sauti: "Mguu wake hauna kosa!" Mbwa wa jirani wakaitikia.

Waya ulipobadilishwa, wakateremka mlima kuzijaribu breki. Merrin alishika usukani, mikono imetulia.

"Merrin," Angus akasema, ameng'ang'ania kiti. "Nioe."

"Nikuoe? Ngoja nifike chini. Nikijibu sasa utadhani ni mteremko umenisukuma."

Chini kabisa, kwenye taa nyekundu, alikanyaga breki. Pikapu na trela vikasimama polepole, bila kishindo.

"Haya," akasema. "Nakuoa."

Taa ikawa kijani. Nyuma madereva wakapiga honi, wakatukana, wakapiga tena, na pikapu haikuondoka; ndani walikuwa wamekumbatiana.